Mkaa Uliosaga Mahindi ya Mabibo

Mama mkwe wangu alikuwa mwenyekiti wa kina mama waliomiliki mashine ya kusaga pale Mabibo, na katika miaka yangu ya kwanza ya ndoa hakunipenda sana. Hakunitukana, wala hakunisengenya kwa majirani; alikuwa mtu wa Masasi mwenye adabu zake. Ila nilipokwenda kumsalimia nikitokea kazini, akishaitikia shikamoo yangu, macho yake yalishuka moja kwa moja kwenye kucha zangu. Kucha za fundi hazitakati, hata uzisugue kwa sabuni na mchanga. Siku moja alimwuliza mume wangu, mie nikiwa nimekaa palepale mkekani, "Hivi kule Njombe tulikokwenda kukuposea, wasichana wote wanalala chini ya malori?"

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kucheka. Alicheka. Mie sikucheka, lakini sikununa pia. Nilikuwa mwanamke pekee katika karakana ya shirika moja la umma pale Ubungo, na maneno ya namna ile nilikuwa nimeyazoea tangu chuo cha ufundi, ambako siku ya kwanza walinielekeza darasa la ushonaji wakidhani nimepotea njia.

Kisha ikaja miaka ya uhaba, baada ya vita. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, kitenge kwa kujuana. Jumapili alasiri magari yalikatazwa kutembea, na Barabara ya Morogoro ikawa kimya kiasi cha watoto kuichezea mpira. Kwetu uswahilini hilo la magari halikutusumbua, maana nani alikuwa na gari. Kilichotuumiza ni dizeli ya mashine ya kusaga. Mahindi yalipatikana, yakaletwa na ndugu kutoka bara kwenye viroba, lakini mashine ilikaa kimya wiki nzima ikisubiri dizeli. Wanawake wakarudi kwenye vinu. Asubuhi ukipita Mabibo ulisikia michi nyumba hadi nyumba, na jioni ulikuta viganja vimetoka malengelenge. Wengine walijitwika madebe wakatembea hadi Tandale waliposikia kuna mashine inayofanya kazi, wakifika wanakuta nayo imezimika asubuhi ile.

Jioni moja mama mkwe alikuja nyumbani kwetu. Hakuwa mtu wa kuja bila taarifa. Nilimpokea, nikamwekea kiti, nikaingia ndani kuandaa chai. Akaniita.

"Acha chai, mkwe. Kaa hapa."

Nikakaa. Alivuta kanga mabegani, akaangalia ukutani kama mtu anayetafuta neno.

"Nyie mnaotengeneza mainjini," akasema, "hamna injini inayokula kitu kingine? Kitu kilichopo?"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniuliza juu ya kazi yangu. Nikamwuliza, "Kama kitu gani, mama?"

"Sijui. Wewe ndiye fundi."

Neno hilo alilisema bila kukusudia kunisifu, lakini lilinikaa moyoni usiku kucha.

Jibu nilikuwa nalo, ingawa nilikuwa sijawahi kulijaribu. Chuoni, mkufunzi wetu wa injini alipenda kusema kwamba injini haijui petroli. Inachojua ni kitu kinachowaka kilichochanganyika na hewa kwa kipimo chake. Ukiipa mchanganyiko sawasawa, itazunguka, iwe umetoka kwenye kisima cha mafuta au jikoni. Alitueleza kwamba wakati wa vita kuu, Ulaya ilipokosa petroli, watu waliendesha magari kwa mkaa. Mkaa hauingii kwenye injini. Unachomwa ndani ya pipa lililozibwa, kwa hewa kidogo tu, isiyotosha kuumaliza, na ile hewa ya sumu inayotoka, ileile inayoua watu waliolala na jiko chumbani, ndiyo inayopozwa, ikachujwa, ikapelekwa kwenye silinda. Na mkaa, hata katika uhaba ule, tulikuwa nao. Kila alfajiri baiskeli zilishuka Ubungo kutoka upande wa Kibaha zimebeba magunia marefu kuliko wanaozisukuma.

Asubuhi nilimfuata mchomeleaji wetu. Alikuwa mtu wa Rufiji, rika langu, mwenye mkono mwepesi kwenye mashine ya kuchomelea na mdomo mwepesi zaidi. Nilimchorea kwa chaki sakafuni: pipa, bomba la kupozea, kichujio, kisha injini. Aliangalia akiwa ameinamisha kichwa.

"Sista, hiki ni kiwanda cha gongo," akasema.

"Ni gesi."

"Polisi watasema gongo." Lakini alikuwa tayari anapima pipa kwa macho.

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche, kwa hiyo gesi peke yake isingeiwasha. Tulihitaji injini ya petroli, na nyuma ya karakana ilikuwepo moja, ya silinda nne, iliyotolewa kwenye gari lililopinduka. Mkuu wa karakana alitusikiliza, akazunguka injini ile mara moja, akasema, "Imeshatolewa kwenye hesabu kama chuma chakavu. Kama mnaweza kumfufua maiti, mchukueni." Akatuandikia kibali. Alikuwa mtu aliyeamini kujitegemea kwa dhati, si kwa kuimba tu kwenye mikutano.

Tulifanya kazi baada ya saa za kazi, mchana wa Jumamosi, mie Jumapili nikitoka kanisani, na yeye Ijumaa akitoka msikitini. Kichujio tulikijaza katani, maana katani nchi hii haikuwahi kukosekana. Tuliishindilia ndani ya ndoo yenye mfuniko, gesi ipite humo iache vumbi la mkaa kabla halijakwangua silinda. Juu ya pipa nilifunga kopo la maji lenye bomba dogo na koki ya kudondoshea. Hapo ndipo palipokuwa na ujanja wote. Gesi ya mkaa peke yake ni dhaifu, ina uvivu. Lakini maji yakidondokea mkaa mwekundu, mvuke unavunjika na kuzaa haidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote na yenye pupa ya moto kuliko zote. Nilijua kwamba haidrojeni ndiyo itakayoipa injini nguvu ya kugeuza mashine iliyojaa mahindi. Ambacho sikuwa nimekijua vizuri, ila kwenye daftari la chuo, ni tabia yake.

Tuliipeleka Mabibo kwa mkokoteni. Tukaifunga nje ya banda, kwenye upepo, tukaunganisha mkanda. Habari zilikuwa zimeenea. Wanawake walikaa juu ya madebe yao kama wanaosubiri mkutano. Mjumbe wa nyumba kumi naye alikuja, akasimama na fimbo yake chini ya kwapa. Nilizungusha feni ya mkono mpaka mkaa ukashika, nikaiwasha gesi kwenye bomba la majaribio ikatoa ulimi wa moto wa samawati, kisha mchomeleaji akazungusha handeli. Injini ikakohoa, ikakohoa, ikashika.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama mkwe hakupiga. Alibeba debe la kwanza, akamimina mahindi kwenye mdomo wa mashine, na injini ikaanza kuzama, pole pole, kama mtu anayepandishwa mlima na mzigo. Nikafungua koki ya maji. Baada ya muda mfupi ikapata nguvu. Mkanda ukakaza, unga ukaanza kutoka. Nikaongeza maji. Ikanguruma vizuri zaidi, na mie, kwa furaha, nikaongeza tena.

Mlipuko ulikuja bila onyo. Moto ulirudi kutoka kwenye injini, ukapita kwenye bomba zima hadi kwenye kichujio, ukarusha mfuniko wa ndoo juu ya paa la banda. Katani ikawaka kama nyasi. Madebe yalipinduka, watu wakakimbilia kila upande, na mchomeleaji akazima moto kwa mchanga akiwa anatukana kwa Kirufiji. Hakuna aliyeumia. Nilipogeuka nilimwona mama mkwe amesimama palepale kando ya mashine, unga umemjaa usoni, mkono mmoja bado umeshika debe.

Mjumbe alikuja kwa hatua kubwa. "Basi. Hii kitu siruhusu. Nina kaya na watoto mtaa huu."

Alikuwa na haki. Nilifungua kinywa kumwomba radhi, lakini mama mkwe alitangulia.

"Mjumbe, umeona unga umetoka?"

"Nimeona moto umetoka."

"Vyote vimetoka," akasema. "Huyu ni mkwe wangu. Moto atauondoa, unga atauacha. Mpe nafasi, na siku ya kujaribu utakuwepo mwenyewe. Akishindwa, mie ndiye nitakayelisukuma hilo pipa hadi jalalani."

Mjumbe akatafakari. Alikuwa na wake wawili, na wote wawili walikuwa wamesimama na madebe yao. Akakubali.

Nilirudi nyumbani. Mume wangu alinipokea bila maswali, akapika yeye ugali siku ile, mgumu, wa kiume, nikala. Kilichoniuma zaidi kuliko mlipuko ni kwamba sikujua kwa nini. Fundi asiyejua kwa nini ni mbahatishaji tu, na nilikuwa nimetumia miaka mingi kuwathibitishia watu kwamba mie si mbahatishaji.

Jumatatu tulikaa na mchomeleaji karibu na bomba lililoungua. Masizi yalitueleza njia ya moto. Yalianzia kwenye vali ya kuingizia, yakafuata bomba hadi mahali nilipounganisha hewa na gesi, kando ya kichujio, mbali na injini kwa urefu wa mtu aliyelala. Nikaliona kosa. Nilikuwa nimezichanganya mapema mno, nikidhani kwamba safari ndefu itazichanganya vizuri. Na kweli zilichanganyika. Bomba zima lilikuwa limejaa mchanganyiko ulio tayari kuwaka, na haidrojeni haihitaji cheche kubwa. Ncha ya plagi iliyopata moto kupita kiasi, au kipande cha masizi kinachomeremeta ndani ya silinda, inatosha; vali inapofunguka tu, moto unatoka mbio, na mbio zake hakuna gesi inayozifikia. Nilikuwa nimetengeneza bunduki.

"Basi tuzitenganishe," nikasema. "Gesi ije na njia yake, hewa na yake. Zikutane mlangoni kabisa, kwenye mdomo wa injini."

Mchomeleaji akatikisa kichwa. "Zikikutana mlangoni hazitapata muda wa kujuana. Silinda hii itapata gesi tupu, ile hewa tupu."

Nilibisha. Tukatengeneza, tukajaribu palepale karakanani, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Injini iliwaka lakini ilichechemea. Nilichomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine, nikisikiliza. Silinda inayofanya kazi ikizimwa, injini lazima ianguke sauti. Ya kwanza na ya pili ilianguka, ya tatu kidogo, ya nne hata haikuwa na habari kama nimechomoa waya. Ilikuwa inapata hewa tupu.

Hivyo tatizo likawa moja, na lilikuwa zuri, tatizo la kukufanya utabasamu ukiwa peke yako: uzichanganye vizuri kabisa, lakini katika nafasi fupi kabisa. Nilitembea nalo siku kadhaa. Nililibeba kwenye foleni ya sukari. Jibu lilinijia nikiwa nakoroga uji wa mtoto wetu. Ukipeleka mwiko moja kwa moja, mbele na nyuma, unga unakimbilia pembeni na mabonge yanabaki. Ukizungusha, unaingia wote. Hewa yangu ilikuwa inaingia moja kwa moja.

Nikatengeneza chemba fupi, isiyozidi kikombe, ya kufungwa mahali pa kabureta. Gesi iliingia katikati. Hewa iliingia kutoka pembeni kupitia matundu niliyoyatoboa kwa mshazari, yote yakielekea upande mmoja, ili ije ikizunguka kama maji yanayoshuka kwenye tundu la sinki. Kutoboa mshazari kwenye chuma cha duara si mchezo. Nilivunja keekee, nikaharibu chemba ya kwanza, nikaanza upya. Nyuma ya chemba, upande wa gesi, tuliweka wavu mwembamba wa shaba tulioutoa kwenye kichujio cha lori bovu, tabaka juu ya tabaka, ili moto ukijaribu kurudi upoe na kufa pale. Plagi nikazibadilisha, nikaweka zinazopoa haraka. Na koki ya maji nikaifunga kizuizi ili mtu, hata akiwa na furaha kama yangu, asiweze kuifungua kupita kiasi.

Tukaiwasha. Nikachomoa waya wa kwanza, injini ikaanguka. Wa pili, ikaanguka. Wa tatu. Nilipochomoa wa nne na sauti ikaanguka sawasawa na zile nyingine, mchomeleaji alivua kofia yake, akaniangalia, akasema kwa sauti ndogo, "Sista, umeweza." Aliyekuwa na neno la mzaha kwa kila kitu, siku ile hakuwa nalo.

Siku ya Mabibo mjumbe alikuja na ndoo ya mchanga yeye mwenyewe. Aliwaweka watu nyuma ya kamba aliyoifunga kwenye minazi miwili. Mama mkwe tu ndiye aliyevuka kamba, na hakuna aliyemzuia. Injini ilishika mapema. Nilifungua maji tone kwa tone, nikasogeza vali ya hewa mpaka nikasikia sauti ikitulia, nikampa mama mkwe ishara kwa kichwa.

Akamimina debe zima kwa mara moja.

Injini ikainama kidogo, ikajikaza, ikaendelea. Unga ukatoka mwembamba, wa moto, na harufu ile ya mahindi yanayosagwa ikajaa banda. Debe la pili. La tatu. Nilikuwa nimeweka mkono juu ya bomba, nikingojea mtikisiko, na bomba lilikuwa limepoa kama shingo ya mtungi. Mjumbe akasogea hadi kwenye kamba. Kisha akamwita mke wake mdogo, akamwambia, "Nenda kalete na lile gunia la uvunguni."

Mashine ile ilisaga kipindi chote cha uhaba. Watu walikuja kutoka Tandale na Manzese, na wengine walivuka hadi kutoka upande wa Temeke kwa miguu. Nilijua siwezi kukaa pale kila siku, kwa hiyo niliwafundisha kina mama kuiendesha. Nilianza na kanuni ya hewa ya sumu: pipa halisogezwi ndani ya banda hata mvua ikinyesha, mtu akisikia kichwa kinauma aondoke kwenye upepo wa pipa, na watoto hawachezi hapo. Kisha nikawafundisha vali ya hewa. Nilidhani hilo litachukua miezi. Walilipata upesi, na aliyelipata upesi kuliko wote ni mama mkwe wangu.

Alikuwa na sikio. Alikuwa ameimba kwaya ya kanisa tangu usichana wake kule Masasi, na injini aliisikiliza vilevile kama anavyosikiliza sauti ya pili inayoshuka. Nilimkuta siku moja ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, anaongea na mwenzake. Katikati ya sentensi alinyoosha mkono bila kuangalia, akasogeza vali unywele mmoja, akaendelea na mazungumzo.

"Imetaka nini, mama?" nikamwuliza.

"Imetaka hewa," akasema. "Husikii wewe?"

Nilikuwa sijasikia. Nilisimama pale nikasikia baadaye, mabadiliko madogo mno, na nikajawa na fahari ambayo sikujua niielekeze kwake au kwangu.

Alasiri moja walikuja wageni kutoka ofisi za serikali, wanaume wenye suti za mikono mifupi, wakitaka kuona mtambo waliousikia. Mmoja akamwuliza mama mkwe ni mtaalamu gani aliyeufunga, ametoka nchi gani. Nilikuwa pembeni nimepiga magoti, nabadilisha katani.

"Ametoka Njombe," mama mkwe akasema. "Tulimposa wenyewe."

Dizeli iliporudi, ilirudi kwa kusuasua, kisha ikakaa. Kina mama wakanunua injini mpya na ya mkaa ikarudishwa karakanani kwa mkokoteni uleule. Mama mkwe aliisindikiza hadi njia panda, akasimama kando ya barabara mpaka tulipopotea machoni. Mkuu wa karakana alitaka tuifungue tuone imebaki na hali gani, kwa kuwa mtu yeyote angetarajia kwamba mkaa umeimaliza.

Tuliifungua mie na mchomeleaji, mchana wa jua kali, mlango wa karakana ukiwa wazi. Nilifungua nati za kichwa, tukakinyanyua pamoja, tukakigeuza juu ya gunia. Nilichukua kitambaa nikafuta vali moja. Ilikuwa na ukungu wa kijivu tu, na chini yake chuma kiling'aa. Silinda hazikuwa na mkwaruzo. Mchomeleaji aliichukua vali mkononi mwangu, akaigeuza kwenye mwanga, akanirudishia, nami nikaigeuza, nikampa tena. Mafundi wengine wakaacha kazi zao wakaja, na vali ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akiikagua akitafuta kosa, na hakuna aliyelipata.